Rando Lisilo na Mizizi

Kilichoninyima usingizi ni alama moja ya vema. Niliiweka kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya mwanamke aliyenizidi miaka kumi na mitano hivi, katika jaribio la mwisho kabla ya mtihani wa taifa, na wakati naiweka mkono haukusita. Swali lilikuwa hili: kwa nini seli ya ini haifanani na seli ya jicho, wakati zote zimetokana na seli moja? Yule mama alikuwa ameandika kwanza, kwa Kiingereza chake cha kujikongoja, kwamba jeni zote zimo katika kila seli ila nyingine zimefungwa. Halafu akaikata sentensi hiyo kwa mstari mmoja ulionyooka, na chini yake akaandika sentensi yangu ya darasani: kila seli hutupa jeni isizozihitaji. Aliiandika neno kwa neno, pamoja na mkato nilioutia pasipohitajika. Nikampa mbili kwa mbili.

Shaka yangu ilikuwa kwamba alichokikata ndicho kilichokuwa sahihi.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nikimuuliza mtu saa njiani, nitashinda nikijiuliza kama aliona kwamba nimevaa saa. Lakini kwa jambo hili sikuhitaji kuwaza sana. Nilikuwa na shahada ya kilimo kutoka chuo kikuu kilicho chini ya mlima, na mtu mwenye shahada hiyo anapokesha akijiuliza jeni huenda wapi, kosa si la jeni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, na kila mwenye chumba Morogoro alikuwa anafungua kitu. Aliyekuwa na chumba kidogo alifungua duka la mitumba, na aliyekuwa na kikubwa alifungua shule. Mkurugenzi wetu alipata ghala la zamani la ushirika, akalipaka chokaa, akatundika kibao kilichosema kwamba hapo ni kituo cha masomo ya juu. Chokaa ilikuwa nyepesi. Jua likipiga ukutani asubuhi, maneno ya siasa ya zamani yalichungulia kwa chini, na ungeweza kusoma habari za unyonyaji huku ukilipia twisheni.

Yeye mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Miaka michache nyuma alikuwa mtu wa siasa katika kiwanda kimoja, akiwahutubia wafanyakazi juu ya ubaya wa mabepari. Sasa wanafunzi aliwaita wateja, na neno hilo alilitamka kwa sauti ile ile iliyotetemeka kidogo mwishoni, ambayo zamani aliitumia kwa neno ndugu.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha biolojia na kuandika notisi. Notisi ndizo zilizokuwa biashara yenyewe. Zilichapwa kwenye stensili, zikarudufiwa kwa mashine iliyopaka wino mpaka kwenye viwiko, zikabanwa pini na kwenda mpaka Turiani na Ngerengere mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuniona. Mkurugenzi alikuwa na sharti moja tu juu ya uandishi.

"Sentensi ndefu haishikiki," aliniambia siku ya kwanza. "Nataka sentensi ya kuimba."

Hakuwa anatania. Darasani tuliimba kweli. Mimi nasema nusu, watu arobaini wanamalizia nusu ya pili, na Mkurugenzi anapita mlangoni akitikisa kichwa kama mtu asikilizaye kwaya aliyoianzisha. Ndiyo maana nilipofika kwenye mada ya seli, nikiwa na picha hafifu kwamba seli zina namna ya kuchagua jeni za kutumia, nilitafuta kitenzi kifupi nikakipata. Kila seli, nasema mimi. Hutupa jeni isizozihitaji, wanajibu wao. Iliimbika vizuri sana. Uongo, nimekuja kugundua, huimbika kuliko kweli, kwa kuwa hauna "lakini" ndani yake.

Siku tulipoiimba kwa mara ya kwanza, yule mama alinyoosha mkono. Alikaa benchi la mbele, na khanga yake ya pili aliikunja mapajani ili iwe meza. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini mpaka alipopunguzwa kazi, akarudi kwao Mlali kulima. Kulikuwa na chuo cha uuguzi kilichokubali waliowahi kufanya kazi wodini, mradi wawe wamefaulu biolojia, na umri wake ulimruhusu kuomba mwaka huo tu. Hayo aliyaeleza mwenyewe siku ya kujiandikisha, kwa ufupi, kama mtu anayetaja dalili kwa daktari.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Rando la kiazi tunapolikata ni shina na majani matupu. Mizizi tumeiacha kule kwenye tuta la zamani. Tukilichomeka kwenye tuta jipya, siku chache tu lina mizizi. Sasa kama shina lilishatupa jeni za mizizi, hii mizizi linaitoa wapi?"

Nakumbuka nilichokisikia kifuani. Haikuwa hasira. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeshikwa ukosi. Nikafanya kile ambacho mhitimu mwenye hofu hukifanya.

"Mama, hapa tunasoma biolojia. Hatupandi matembele."

Darasa lilicheka mpaka benchi moja likasogea. Kijana mmoja wa nyuma, mwenye shati lililofunguliwa vifungo vitatu, akadakia, "Mama Matembele! Mwaga sera!" Jina likamganda hapo hapo. Yeye aliandika sentensi yangu kwenye daftari, akaipigia mstari kwa rula.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo hata leo linanikera. Mwaka mzima sikuwahi kumwamkia. Nje ya mlango ule, mtu wa umri wake ningempa shikamoo kabla hata ya kufikiri. Ndani, nilijiuliza kila Jumamosi kama mwalimu anamwamkia mwanafunzi au mwanafunzi anamwamkia mwalimu, na nikiwa bado najiuliza yeye alikuwa ameshasema "Habari za asubuhi, Mwalimu" na kukaa.

Baada ya kusahihisha lile jaribio nilikwenda maktaba ya chuo. Nilijiambia naenda kuhakikisha tu. Kitabu kilikuwepo, na sura ilikuwepo, na haikuhitaji akili nyingi. Seli haitupi kitu. Seli ya ini inazo jeni za jicho, zote, zimelala humo, na seli ya jicho inazo za ini. Kinachotofautiana ni protini fulani ambazo kazi yake ni kushika DNA mahali maalumu karibu na jeni. Nyingine zikishika, huikaribisha mitambo ya seli inakili jeni ile, na jeni inafanya kazi. Nyingine zikishika, huizuia mitambo hiyo isisogee, na jeni inakaa kimya. Seli ya ini ina kundi lake la protini hizo, ya jicho ina kundi lake, na kundi likibadilika, kazi ya seli inaweza kubadilika. Ukilikata rando, homoni ya mmea hukusanyika kwenye shina, ujumbe unaingia ndani ya seli, protini mpya zinashika DNA, na jeni za mizizi zinafunguliwa. Kitabu kingine kilisema kwamba kwenye rando la kiazi vianzo vya mizizi huwa vimeshajitengeneza kwenye vifundo hata kabla kisu hakijafika. Hilo lilinimaliza kabisa. Shina halikuwa tu na jeni za mizizi. Lilikuwa limeshaanza kazi, linasubiri udongo, wakati mimi nasimama ubaoni nikilitangazia ufukara.

Kibaya zaidi nilikikuta nyumbani, kwenye daftari langu la mwaka wa tatu. Somo hilo nililisikia. Nilihudhuria. Ukurasa mzima wa maelezo hayo hayo uliandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, na pembeni nilikuwa nimechora kiatu cha mhadhiri, kwa ustadi mkubwa, na kamba zake. Kwa hiyo mimi pia nilikuwa nayo yote ndani, nimeyafunga.

Kesho yake nilimfuata Mkurugenzi ofisini, yaani kwenye pembe ya ghala iliyokingwa kwa kabati.

"Mkurugenzi, kuna kosa kwenye notisi."

"La chapa?"

"La maana."

"Ah, unanitisha bure. La chapa ndilo wateja wanaliona. Nani kalalamika?"

"Hakuna. Lakini mtihani ni wiki tatu zijazo, na watu wataandika uongo."

"Wataandika wote sawasawa," alisema, akafurahi kana kwamba nimemletea habari njema. "Msahihishaji akikuta watu wengi namna hii wanasema jambo moja, atajiuliza mara mbili yeye. Hiyo ndiyo nguvu ya umoja, kijana."

"Jeni hazipigiwi kura, Mkurugenzi."

Akaacha kufurahi. "Sikiliza. Ukiwaambia umekosea mstari mmoja, wataona umekosea kitabu kizima. Na kile kiti chako, wahitimu wenzako wanakipigia hesabu. Jana tu kaja mmoja. Ana viatu vizuri."

Nilitoka nikiwa nimekubali. Ndiyo, nilikubali, na nikawaza kwa siku tatu juu ya viatu vyangu. Nilijiambia kwamba swali lenyewe huenda lisitoke, ingawa uvumi ulisema litatoka. Nilijiambia kwamba kila mwaka kuna uvumi na kila mwaka ni wa uongo. Nilijiambia kwamba alama mbili hazimfelishi mtu. Nilipanga sababu zangu vizuri sana, na kila nilipomaliza kuzipanga niliona ule mstari ulionyooka. Alijua. Alikijua kitu sahihi kwa mikono yake, akaniamini mimi, akakikata.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Kijana wa vifungo vitatu aliuliza, "Mama Matembele yuko wapi, au mvua imemwita?" Wakacheka tena, na mimi nikafungua notisi.

Jumatatu nilikwenda Mlali. Mvua ilikuwa imeanza na njia ya kupanda kuelekea mashambani ilikuwa na utelezi. Nilipouliza "yule mama aliyekuwa hospitali," nikaelekezwa mara moja, na kila aliyenielekeza aliniuliza nina shida gani naye, kwa sauti ya watu ambao wameshaona vijana wa mjini wakija na karatasi. Nilimkuta kwenye matuta, ameinama, na shehena ya marando iko chini ya mgomba. Mjomba wake alikuwa ameketi kwenye mpini wa jembe alioulaza. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yao, kama yalivyo mengi kule, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli ya nani alime wapi. Ndiye pia aliyekuwa amempa ruhusa mpwa wake asilime siku za Jumamosi, na ndugu wengine wakanuna.

"Shikamoo," nikasema.

Yule mama akanyanyuka, mkono kiunoni. "Marahaba. Leo umekumbuka."

Mjomba akaniangalia toka juu mpaka kwenye viatu. "Huyu ndiye mwalimu?"

"Ndiye."

"Mbona mdogo?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Nikaisahau, nikasema tu kwamba lile jibu alilolikata ndilo lililokuwa sahihi, na kwamba seli ya shina haitupi jeni za mizizi.

Yule mama akapangusa udongo mikononi. Kisha akasema, polepole, "Umetoka mjini, umepanda mpaka hapa na matope haya, kuja kuniambia kwamba rando linaota mizizi?"

Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Hilo nalijua tangu nina meno ya utoto," akaendelea. "Nisichokijua ni anachotaka msahihishaji. Nikasema huyu mwalimu ana digrii, na yule msahihishaji naye ana digrii, bila shaka wanaelewana. Mimi na matembele yangu ni nani? Nikakata."

Nikamweleza habari za protini, nimesimama kwenye mfereji, maji yakiingia viatuni. Alisikiliza kama alivyosikiliza darasani, akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Nilipomaliza akauliza swali ambalo mimi, kwa miaka mitatu ya chuo, sikuwahi kuliuliza.

"Na hizo protini, nani anaziamuru?"

"Zinatoka kwenye jeni nyingine, ambazo nazo zinaamriwa na protini nyingine."

"Na hizo nyingine? Mwanzo kabisa?"

"Mwanzo kabisa yai huja na akiba. Mama huwa ameshaliwekea protini zake ndani. Hizo ndizo zinazoanza kazi."

"Upande wa mama," mjomba akasema, akiokota jembe lake. "Basi na nyinyi mmefika. Karibuni."

Nilitaka kumrekebisha, kwamba jeni zenyewe nusu ni za baba. Kwa mara moja maishani nikanyamaza kwa wakati. Badala yake nikaokota rando, nikalichomeka kwenye tuta ili nionekane na faida.

"Umelipindua, Mwalimu," yule mama akasema bila kuinua uso. "Kichwa kiko chini."

Nikaling'oa na kuligeuza. Nikamwambia samahani, na kwamba namsubiri Jumamosi.

"Samahani ya nini?"

"Ya kukosea. Na ya siku ile."

"Siku ile ulinifanya kichekesho mbele ya watu arobaini. Samahani unaniletea hapa, mimi na mjomba. Mjomba alicheka siku ile?"

"Hapana."

"Mimi nilicheka?"

"Hapana."

"Basi umewaambia wasiohusika. Sirudi pale kuitwa Mama Matembele. Na mtihani wenyewe nausikia kama siutaki tena."

Akainama, akaendelea na tuta lake. Niliteremka nikiwa na matope mpaka magotini, na njiani, kwa namna isiyo kawaida yangu, sikuwaza chochote. Nilikuwa nimeshajua nitakachokifanya, na kitu unachokijua hakiwaziki.

Jumamosi niliingia darasani mapema kuliko Mkurugenzi. Nikaandika ubaoni: kila seli hutupa jeni isizozihitaji. Darasa likaanza kuimba kwa mazoea. Nikawanyamazisha, nikaikata sentensi kwa mstari mmoja, nikasema, "Huu ni uongo. Nimeutunga mimi kwa sababu uliimbika." Nikawaambia watoe notisi na wao wakate. Wengine walitafuta kalamu, wengine walitazamana kama abiria walioambiwa kwamba gari lilikuwa linakwenda siko. Nikaandika sentensi ya yule mama, yote, na "ila" yake katikati. Nikasema ni ya nani, kwa jina lake la kwenye daftari la mahudhurio.

"Ndo nani huyo?" akauliza kijana wa vifungo vitatu.

"Ni yule uliyemwita Mama Matembele. Mimi ndiye niliyekufundisha kumcheka. Alikuwa sahihi, mimi nilikuwa mjinga, na wewe ulinifuata."

Hakuna aliyecheka. Nilitumia saa nzima kueleza jeni zinavyofunguliwa na kufungwa. Haikuimbika hata kidogo. Watu walikwama, wakauliza, wakakwama tena, na katikati ya maswali hayo nikamwona Mkurugenzi mlangoni, ameshika funguo, na nyuma yake mtu mwenye viatu vizuri kweli.

Hakunigombeza. "Mteja amechanganyikiwa," alisema tu, kwa ile sauti yenye mtetemo, akanyoosha mkono. Nikampa chaki.

Jioni ile ile nilirudi Mlali na karatasi yake ya jaribio. Nilikuwa nimeifuta vema yangu ya chini kwa mistari miwili, nikaweka nyingine juu, kwenye sentensi aliyoikata. Pembeni nikaandika kwamba mstari wa kukata usihesabiwe. Alama zilibaki mbili kwa mbili.

Alikuwa bado kwenye matuta. "Weka hapo kwenye mgomba," akasema, "nina mikono ya udongo." Lakini alisogea akaisoma pale pale nilipoishika, midomo ikicheza.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wote?"

"Wote. Na Mkurugenzi. Sipo tena pale."

Akairudia ile karatasi toka mwanzo.

"Jumamosi ya mwisho wanaanza saa ngapi?"

"Nimekwambia sipo tena pale, dada."

"Sijauliza kama upo. Nimeuliza saa ngapi."

"Saa tatu," nikasema.